Huu Mpango wa Mungu, Nani Ana Kopi Yake?

Mimi na Mungu hatuna shida. Niliweke hilo wazi mapema, ili mzee wa kanisa akisoma hapa asianze kunitafuta kwenye maombi ya Jumatano. Shida yangu ni hawa wasemaji wake. Hapa kwetu Nyamira kila mtu ni msemaji. Ukikosa karo, Mungu ana mpango. Ng'ombe akifa, Mungu ana mpango. Ukianguka na boda, suruali ikapasuka mbele ya wakwe, hutakosa mtu wa kukuinua, akakupangusa matope, akakuangalia machoni na kukwambia kwa sauti ya chini: usijali, Mungu ana mpango. Na suruali je? Suruali haimo kwenye mpango?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawa watu husema hivyo wakiwa wameshiba. Hujaona? Mwenye njaa hakusumbui na mambo ya mpango. Anakuomba mia. Anayenipiga bega kila siku ni yule jamaa wa duka la simiti, mwenye ghorofa pale stejini. Ati nivumilie, mambo ni mazuri. Ya nani? Yake yalishafika na risiti juu. Yangu sijui yamekwama wapi.

Usinielewe vibaya. Mimi si mpagani. Nilizaliwa Msabato. Nilibatizwa mtoni asubuhi ya baridi, meno yakigongana mpaka maswali mengine pasta akanijibia. Na huku kwetu hii imani si ya jana. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, kando ya ziwa, mwaka wa 1906. Mwaka wa 1912 wakaanzisha misheni ya Nyanchwa, hapo kwa mlima juu ya mji wa Kisii. Wakatoliki walikuwa wamewatangulia kidogo, wakatulia Nyabururu. Kwa hivyo piga hesabu. Zaidi ya miaka mia moja tunaambiwa tungoje, na tunangoja. Halafu unasikia watu huko nje wakisema Wakisii hawana subira, ati hasira zetu ziko karibu. Nionyeshe kabila lingine lililongoja hivi bila kupiga mtu.

Sasa mimi, mbali na Yesu kurudi, nangoja barua pia. Kuna ofisi moja, jina silitaji, kwa sababu hiyo barua bado inaweza kuja na sitaki ikasirike njiani. Niliomba ukarani. Nikapeleka vyeti. Nikapeleka kopi za vyeti. Nikaambiwa kopi hazionekani vizuri, nikapeleka kopi za kopi. Nikapeleka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na hicho, kusema ukweli, kilinishangaza mwenyewe. Wakasema tutakupigia.

Basi tangu siku hiyo nalala na simu kifuani. Mama watoto akafikiri nina mwingine. Akanivizia usiku, akainyakua simu, akaikagua yote. Alipogundua ninayemngoja ni karani wa ofisi, alicheka mpaka watoto wakaamka. Alicheka mpaka nikatamani kweli ningekuwa na mwingine. Na simu yenyewe inalia, usifikiri hailii. Wanaopiga ni wale wa mkopo. Wananikumbusha kwa heshima. Kisha wananikumbusha bila heshima. Kisha wanampigia mama mkwe.

Nimejaribu kumwelewa Mungu, wallahi. Kumbe Msabato haapi. Nisamehe. Nimejaribu kumwelewa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 hapa Nyamira. Kisii wakawa 1,266,860. Jumlisha hapo. Hao wote wanaomba kazi, mvua, au ndugu yao ahamie Trans Mara waachiwe shamba. Na tulivyobanana! Huku ukikohoa usiku jirani anakwambia pole kabla hujamaliza. Maombi yetu yote yanapandia mahali pamoja, saa moja, kwa sauti moja. Nani ajue lipi ni la nani? Mimi nashuku jibu langu limekosea lango. Kuna jamaa hapa chini ana jina kama langu. Hakuwa hata ameomba kazi vizuri. Akapata ukarani. Siku hizi anavaa tai hata akienda chooni, na choo chake na changu vinatazamana.

Sabato moja nikasema liwalo na liwe. Mzee wa kanisa aliuliza nani ana ombi. Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima. Nilitaka kuongea kistaarabu, kwa kuzunguka, kwamba yuko ndugu katikati yetu ambaye anangojea mlango fulani ufunguliwe na kadhalika. Nilikuwa bado kwenye "bwana asifiwe" mzee akanikata. "Ndugu yetu bado hana kazi. Tumkumbuke. Mwingine?"

Ikaisha. Kanisa zima likageuka kuniangalia viatu. Si uso, ni viatu. Mimi pia nikaviangalia. Cha kushoto kilikuwa kimefungua mdomo mbele, na soksi ilikuwa inachungulia kama mtoto wa kuku.

Jumapili asubuhi nasikia hodi. Akina mama wa Dorkasi hao, wale wa misaada ya kanisa. Wameleta unga, sukari, kipande cha sabuni na koti. Koti lilikuwa la marehemu mmoja wa hapo juu, na sikuambiwa. Nililivaa, likanikaa sawasawa, nikajigeuza waone mgongo, mama mmoja akaangua kilio. Wakamtoa nje. Huku nyuma katibu wao akafungua daftari, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Nikatupa jicho juu ya ukurasa. Kumeandikwa: Wajane na Mayatima. Nikauliza, "Mama, sasa mimi ni yupi hapa?" Akasema, "Weka tu sahihi, ndugu. Mungu ana mpango."

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. Ujane wake ulianza kuhesabiwa mimi nikiwa hai.

Utaniuliza kama sina shamba. Ninalo. Shamba ni jina la heshima. Babu aliwagawia wanawe, baba naye akatugawia sisi, na kilichonifikia ukilala chini miguu inavuka mpaka. Nimekijaza chai. Na hiyo chai ni fumbo lingine ambalo halijawahi kunieleweka. Mungu, kwa hekima yake, akachukua milima iliyojaa Wasabato akaifanya iotee chai vizuri ajabu. Kisha pasta anasimama kutufundisha tusinywe chai. Si haki. Tunaipanda, tunaichuma, majani mawili na kichipukizi, tunaibeba mgongoni hadi senta, karani anaipima, anakata kilo kadhaa za unyevu. Bonasi ikija tunaitolea zaka. Zaka ya chai inapokelewa vizuri tu, na mikono miwili. Chai yenyewe ndiyo haitakikani. Niliwahi kuuliza jambo hili darasani, nikaambiwa nisome fungu linalofuata.

Na hiyo bonasi! Wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wakisomewa yao wanapiga makofi. Sisi tukisomewa ya kwetu tunaulizana kama msomaji amemaliza. Kabla ya bonasi kuna mvua ya mawe. Asubuhi jua safi. Saa nane mawingu yanakusanyika juu ya milima ya Manga. Saa kumi mawe yanaanza kushuka, na chai inabaki vijiti. Huwa natoka nje kuhakikisha kama shamba la jirani pia limepigwa. Likiwa limepigwa, roho inatulia kidogo. Sijui hiyo ni dhambi namba ngapi.

Hapo sasa ndipo niliposikia kuna mkutano mkubwa wa injili mjini Kisii. Mtumishi mmoja amekuja na miujiza ya kazi. Si wa kwetu, wa kwetu hawana hiyo idara. Nikavaa koti la marehemu, nikaenda stejini, nikapanda Probox.

Wewe ambaye hujapanda Probox ya Nyamira na Kisii, usiniambie una imani. Hiyo gari ilitengenezwa ya watu watano. Konda aliangalia watu watano akaona ni kiburi. Nyuma tulikuwa wanne, na mtoto. Kwenye buti walikuwa watatu, wanatazama tulikotoka. Mbele kulikuwa na mama na kuku wake. Dereva alikuwa amekalia nusu ya kiti, nusu ya pili amempa mzee mmoja mwenye afya nzuri, kwa hivyo usukani ulikuwa mbele ya mzee, na dereva anaufikia kwa kumkumbatia. Gia iko chini ya kuku. Kila akitaka kuibadilisha, anasema, "Samahani mama." Mama anainua kuku. Gia inaingia. Kuku anarudi. Tulipokaribia mahali askari hupenda kusimama, wa buti wakashuka wakatembea kwa miguu, wanapiga miluzi ati wao ni wenyeji tu. Tukawapokea mbele ya kona.

Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Wengine wala. Mmoja amelala. Mwingine anabishana na konda kuhusu shilingi ishirini yake. Hakuna aliyemuuliza dereva ataikata vipi ile kona, au breki alizipima lini. Nilitaka kuuliza. Mdomo wangu ulikuwa kwenye bega la mtu.

Huko mkutanoni sikukaa sana ndipo nikaguswa. Mtumishi alisema kuna mtu hapa anangoja barua. Yaani mimi! Watu kama mia wakapiga kelele, lakini nilijua ni mimi. Akasema kabla mwezi haujaisha barua itatoka. Ila unapanda mbegu kwanza. Namba hiyo hapo kwenye bango. Nilikuwa na pesa ya mbolea kwenye M-Pesa. Nikaipanda yote. Kisha akasema neno ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nimpende. Alisema ukishapanda mbegu, tulia. Ukianza kuhangaika tena ni kuonyesha huna imani.

Nikarudi nyumbani nikatulia. Sikupalilia. Sikuchuma. Jembe nikaliegemeza ukutani. Mama watoto akauliza kuna nini. Nikamwambia nimeingia katika pumziko la Bwana. Akaniangalia. Akachukua kikapu akaenda kuchuma peke yake, na nikamsikia akizungumza na chai.

Mwezi ukaisha. Mwezi hauna shida ya kuisha. Simu ikalia. Nikaipokea mkono ukitetemeka. Ni sauti tamu ya msichana, inauliza kama ningependa kuongeza mbegu.

Sasa Sabato iliyofuata darasa la lesoni lilikuwa kwa yule mama mwalimu mstaafu. Wewe unamjua wa aina hiyo. Alistaafu shuleni, hakustaafu ualimu. Anasoma Biblia akiwa na kalamu nyekundu mkononi, na nahisi kuna mahali amemsahihisha Paulo. Akauliza nani ana fungu la kututia moyo wakati mambo hayaeleweki. Hapo nikainua mkono haraka. Fungu ninalo. Liko kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo, chini ya picha ya ng'ombe wa gredi. Yeremia 29:11. Ile ya Mungu kuwawazia watu wake mema. Iko nyuma ya matatu, iko kwenye kadi za harusi, iko kwa kinyozi.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ni barua hiyo. Iliandikwa kwa nani?"

Kimya. Mimi nilijua iliandikwa kwangu.

"Kaa chini, mwanangu. Tuanze sura ya 28."

Ikabidi tusome. Kumbe watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka na Nebukadneza, wakapelekwa Babeli, na swali lao lilikuwa moja: tunarudi lini? Akatokea nabii mmoja anaitwa Hanania. Huyo alikuwa na jibu. Miaka miwili tu, alisema, vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, kila mtu atarudi. Akachukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Naweza kuwaona wakirusha leso. Yeremia hata akasema amina, Bwana afanye hivyo. Mtu mzima hakatai habari njema. Lakini baadaye akarudi kumwambia kwamba amewatumainisha watu kwa uongo. Na Hanania hakumaliza mwaka. Alikufa mwezi wa saba.

Nilishika koti langu la marehemu. Nikalikunja kola.

Ndipo tukafika kwenye barua yenyewe, sura ya 29. Mwalimu akasema tusiruke kama panzi, tusome kutoka juu. Fungu la 10, lile linalokaa mlangoni pa fungu langu, linasema ahadi itatimia baada ya miaka 70. Sabini! Mbona kalenda haikusema? Yaani yule ng'ombe wa gredi alikuwa amelikalia!

Nikainua mkono. "Mwalimu, sabini kuanzia lini?"

"Wewe una umri gani?"

Nikamwambia. Akapiga hesabu kwa kalamu nyekundu, kwenye ukingo wa lesoni, polepole, kama anatafuta njia ya kuniokoa. Akafunga kalamu. "Wewe," akasema, "ungezikwa Babeli." Darasa likacheka. Watu wa Mungu wana kicheko kibaya sana.

Na hilo si baya zaidi. Baya liko fungu la 5. Hawa watu wamekaa Babeli wanangoja barua, kama mimi. Wanalala na masikio wazi, kama mimi. Siku moja mjumbe anafika, barua hiyo hapo, kutoka kwa nabii wa kweli, ina ujumbe wa Mungu mwenyewe. Wanaifungua. Ndani wanaambiwa wajenge nyumba wakae. Wapande mashamba wale matunda yake. Waoe, waoze watoto wao. Wauombee amani mji ule ule uliowateka. Yaani mtu anangoja barua miaka hiyo yote, barua inakuja, imeandikwa kwamba akalime!

Nikasema pale pale mimi ningeirudisha kwa posta.

Mwalimu alikuwa hajamaliza. Walimu wastaafu hawamalizi. Akavua miwani, akasema tusifikiri mambo haya ni ya Babeli peke yake. Akatupeleka hapa hapa kwetu. Mwaka wa 1913, alisema, huko Alego, mtu mmoja anaitwa Onyango Dunde alisema nyoka mkubwa wa ziwa, Mumbo, amemmeza na kumtema akiwa na ujumbe. Wazungu wataondoka. Watu wachinje mifugo yao, wengine watatoka ziwani. Waache kulima, chakula kitakuja chenyewe. Ujumbe ukapanda milima ukaingia huku kwetu Gusii. Na huku kulikuwa na maneno ya mtabiri wetu wa zamani, Sakawa, kwamba wazungu watakuja na wataondoka. Basi Septemba 1914, vita vikuu vimeanza, Wajerumani wakaingia mji wa Kisii kutoka upande wa Tanzania ya leo. Maafisa wa Kiingereza wakakimbia. Tarehe 12 majeshi ya pande zote mbili yakapigana hapo hapo mjini. Watu wakaona, eh, tarehe imefika! Wakaingia madukani, wakaingia misheni, wakabeba vitu. Haukupita muda Waingereza wakarudi. Ng'ombe wakachukuliwa kwa wingi, nyumba zikachomwa.

Mimi sijui baba ya babu yangu alibeba nini siku ile. Nyumbani hakuna hata kijiko cha 1914. Nadhani hata wakati wa kupora ukoo wetu ulichelewa.

Nikaona wazee wameanza kuwacheka wale watu wa Mumbo. Mwalimu akawageukia. "Na nyinyi Waadventista mlitoka wapi?" Kimya tena. Akatukumbusha William Miller, mkulima Mbatisti wa Marekani, aliyesoma Danieli mpaka akapata hesabu. Wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844, Yesu anarudi. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Utavuna ya nini na unaondoka? Wakakesha. Usiku ukapita. Asubuhi ya tarehe 23 kukapambazuka vizuri tu, jogoo akawika, na viazi bado viko chini ya udongo vinangoja mwenyewe. Watu walilia mpaka wakaishiwa. Wengi wakaenda zao. Kikundi kidogo kikarudi kwenye Biblia kikiwa na macho mekundu, na kutoka hapo, kufikia 1863, wakaunda kanisa hili ambalo limenipa koti.

"Mnaona?" mwalimu akasema. "Kila aliyepewa tarehe aliweka jembe chini. Waliopewa jembe ni wale ambao tarehe haikuwafaa kitu, maana wangekufa kabla yake. Na hao ndio walioambiwa Mungu anawawazia mema. Anayemwamini Mungu haulizi tarehe. Anayetaka tarehe atafute kalenda."

Aliponitazama akisema kalenda, nilijua mtu amemwambia kuhusu ng'ombe wa gredi.

Nikajitetea. Nilisema mwalimu, mimi si mtu wa kunung'unika, ila hali ni ngumu, na Yeremia angekuwa Nyamira angenielewa. Akasema Yeremia angekuelewa sana. Akatufungulia sura ya 20. Ndugu yangu, yule mtu amelaani siku aliyozaliwa! Amemlaani hata mtu aliyempelekea baba yake habari kwamba mtoto ni mvulana! Huyo ni nabii. Hayo ni malalamiko ya kiwango ambacho mimi sijawahi kufikia, na nimekuwa nikijitahidi. Na Mungu hakumfuta kazi. Aliendelea kumtuma, akanung'unika, akaenda, akapigwa, akanung'unika, akaandika ile barua. Mara ya kwanza maishani nikaona kuna mtu kwenye Biblia ambaye tungeweza kukaa naye stejini tukapiga stori mpaka jioni. Tangu siku hiyo naomba bila kujipaka mafuta. Namwambia Mungu vile ilivyo, na ya viatu namwambia. Nikiacha kuomba nitamlalamikia nani? Konda?

Shida moja tu. Mama watoto alikuwa kwenye darasa lile lile, benchi la nyuma. Nilifikiri ana mtoto, hasikii. Alisikia fungu la 5 lote. Jumapili alfajiri, kabla jogoo hajasafisha koo, nilihisi kitu baridi juu ya blanketi. Ni jembe. Hakusema chochote. Alinifungulia tu Biblia mahali pale, akaweka kidole.

Nimepalilia chai. Mgongo umeniacha. Nimepanda mboga ya chinsaga kando ya choo, inaota kwa bidii ambayo sikuitegemea. Na kwa sababu Mungu amesema matunda, nikaenda Daraja Mbili siku ya soko nikanunua miche ya avokado, ile ya kupandikizwa. Muuzaji akasema ngoja miaka mitatu hivi. Baada ya kusikia sabini, mitatu niliiona ni kesho kutwa. Nikaipanda upande wa chini, mahali pana udongo mzuri, nikaizungushia miiba, nikaiombea mmoja mmoja. Barua ya ofisi bado. Simu siku hizi inalala mezani, na mama mkwe ameacha kupokea simu za wale wa mkopo.

Lakini unajua hapa kwetu. Imani yangu ilikuwa bado haijamaliza wiki, ndugu yangu mkubwa akatokea na kamba. Akapima. Akapima tena. Akasema miche yote iko kwake. Nikamwambia mpaka ni ule mti. Akasema mti ulikatwa. Nikamwambia mpaka ni pale mti ulikuwa. Tumeitana majina ambayo Msabato hayaandiki. Sasa chifu ametutumia ujumbe tufike kwake Jumanne.

Nilikimbilia kwa mwalimu. Akanifungulia sura ya 32. Yeremia yuko kifungoni, Wababeli wameuzunguka mji, kila mtu anajua nchi inaenda, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Na mzee analinunua! Shekeli 17 za fedha, zinapimwa kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, hati inafungwa kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi, kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Nililia kidogo. Nikamwambia hii ndiyo nitamsomea chifu.

Mwalimu akaniuliza, "Hati yako iko wapi?"

Hati yangu, mpenzi msomaji, iko kwa jina la babu. Babu aliifungia kwenye sanduku, sanduku liko kwa shangazi, shangazi na sisi hatuongei. Kwa hivyo naenda Jumanne na Biblia pekee. Kama wewe ni mzee wa hapa Kebirigo na unakumbuka ule mti ulisimama wapi kabla haujakatwa, tafadhali fika kwa chifu saa nne, uwe shahidi. Njoo umekunywa uji, kwa sababu kesi zetu hazina mwisho. Nauli nitakurudishia avokado zikikomaa.